Kukatika kwa Pumzi Usingizini na Athari Zake kwa Moyo

Mtu akikoroma hata walio chumba cha pili wakamsikia, aghalabu husemwa kwamba amelala usingizi wa pono. Dhana hiyo si sahihi. Kukoroma ni ishara ya hewa kupita kwa taabu katika koo lililosongeka, na kwa baadhi ya watu koo hilo huziba kabisa, pumzi ikakatika mara nyingi kwa usiku mmoja pasipo mwenyewe kujua. Hali hiyo wataalamu huiita apnia ya usingizini. Katika makala haya tutaeleza jinsi inavyotambuliwa, na kwa nini mzigo wake huuangukia moyo.

Yafaa kwanza tuliangalie koo lenyewe. Pua imeimarishwa kwa mifupa, na bomba la pumzi lina pete za gegedu. Lakini sehemu iliyo kati yake, nyuma ya ulimi na kilimi, haina kiunzi kigumu cha kuizunguka. Huachwa wazi na misuli tu. Mchana misuli hiyo hukaza, na usiku hulegea kama misuli mingineyo. Kwa mwenye njia pana hapana dhara. Njia ikiwa nyembamba, ama kwa mafuta yaliyolundikana shingoni, ama kwa udogo wa taya la chini, ama kwa mafindofindo makubwa kama ilivyo kwa baadhi ya watoto, kila mvuto wa hewa huzinyonya kuta za koo hata zikakutana, mfano wa mrija laini unaonyonywa kwa nguvu. Pombe na dawa za usingizi huzidisha ulegevu huo.

Kifua huendelea kuvuta, ila hewa haiingii. Oksijeni hupungua katika damu mpaka ubongo ushtuke na kumwamsha mtu kwa sekunde chache. Koo hufunguka kwa mkoromo mkubwa, usingizi hurejea, na mzunguko huanza upya. Kwa kuwa mwamko huo ni mfupi mno, asubuhi mgonjwa hakumbuki kitu. Ajualo ni maumivu ya kichwa, ukavu wa kinywa na kusinzia mchana, pengine akiwa ameshika usukani wa gari. (Hali hii isichanganywe na jinamizi: mwenye kukabwa na jinamizi huwa na fahamu lakini hawezi kujisogeza, hali mwenye apnia hana habari.) Kwa hiyo shahidi wa kwanza ni yule alalaye naye. Mke amwambiaye daktari kwamba mumewe hunyamaza kimya, kisha hushtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini, ametoa habari yenye thamani kuliko maelezo yote ya mgonjwa mwenyewe.

Ugonjwa huu ulieleweka polepole. Mwaka 1965 wachunguzi wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi kwa upande wake, walipima pumzi za wagonjwa wanene waliokuwa wakisinzia mchana, wakaona kwamba zilikuwa zikikatika usingizini. Katika miaka ya 1970 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba hata wasio wanene hupatwa nao.

Kipimo kamili huitwa polisomnografia. Mgonjwa hulala hospitali usiku mmoja akiwa amebandikwa vipokezi vya umeme kichwani, kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni. Kifaa kidogo puani hupima mwendo wa hewa, na mikanda miwili huzunguka kifua na tumbo. Mikanda hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hewa ikikoma puani huku mikanda ingali ikitanuka na kunywea, koo ndilo lililoziba; mikanda nayo ikitulia, basi ubongo haukutoa amri ya kupumua, na huo ni ugonjwa wa namna nyingine, uitwao apnia ya kati. Pumzi iliyokoma kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, pamoja na zile zilizopungua sana bila kukoma. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 kwa saa ni kawaida. 15 hadi 30 ni ugonjwa wa wastani. Kuanzia 30 ni mkali. Mwenye mara 40 hukosa pumzi kila baada ya dakika moja na nusu.

Mitambo hiyo si kila hospitali inayo. Hivyo madaktari huanza kwa maswali na kwa kupima shingo, kisha huweza kumpa mgonjwa kifaa cha kulala nacho nyumbani, ambacho sehemu yake muhimu ni oksimita ya kidoleni. Hiyo hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho, ikalinganisha jinsi damu inavyoifyonza miali hiyo miwili. Msomaji wetu hana budi kujua jambo moja hapa. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksimita zilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Namba yake peke yake isiaminiwe.

Sasa tuutazame moyo. Kifua kinapovuta dhidi ya koo lililofungwa, mvuto huo hutanua kuta za moyo kwa nje, nao hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi wakati uleule oksijeni imepungua. Vyumba vyake vya juu vikitanuka hutoa homoni inayoongeza mkojo. Ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa hawa kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kisha, koo linapofunguka, adrenalini hujaa mwilini, mapigo yaliyokuwa yamepunguka hukimbia, na shinikizo la damu hupanda ghafla. Usiku ndio wakati ambao shinikizo la mtu mwenye afya hushuka na mishipa ikapumzika. Mgonjwa huyu hana mapumziko hayo, na hatimaye shinikizo hubaki juu hata mchana. Uchunguzi wa Wisconsin uliotolewa mwaka 2000, uliowafuatilia watu kwa miaka minne, ulikuta kwamba wenye kukatika pumzi mara 15 au zaidi kwa saa walielekea kupata shinikizo la damu karibu mara tatu kuliko wasiokatika kabisa. Mgonjwa ambaye shinikizo lake halishuki kwa dawa tatu anastahili kuulizwa habari za usingizi wake. Vilevile apnia huandamana na mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ambao huweza kugandisha damu na kuleta kiharusi.

Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney alieleza tiba ya kusukuma hewa puani kwa pampu ili koo lisifunge. Pampu huondoa usingizi wa mchana na hushusha shinikizo kidogo. Hata hivyo, majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2016, yenye wagonjwa zaidi ya 2,600 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, hayakuona kwamba ilipunguza vifo, mishtuko ya moyo au kiharusi. Wagonjwa hao waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na wataalamu wangali wakibishana kama kasoro ni ya pampu au ni ya saa hizo chache.