Mawese ya mama na utando wa seli

Asubuhi moja ya baridi Butembo, mteja alimurudishia mama bidoni ya mawese: "Munachanganyaka na mafuta ya ng'ombe! Ona vile imegandamana." Mimi na licence yangu ya agronomia nilikosa jibu. Mama akarudisha franga.

Jibu nililifahamu nyuma. Zaidi ya 40% ya asidi za mafuta katika mawese ni palmitiki. Mkia wake umenyooka, inapangana sawa fungu la kuni; ikiwa peke yake inayeyuka kwenye 63°C. Oleiki, ile ingine nyingi, mkia wake una pindo katikati: haipangani vizuri, inayeyuka karibu na 13°C. Baridi ikishuka, zenye kunyooka zinashikamana. Hakuna udanganyifu.

Na utando wa seli, ule tulikuwa tunakariri kwa mtihani tu? Ni safu mbili za fosfolipidi: vichwa kwenye maji, mikia ndani, na mikia yenyewe ni asidi za namna hii hii. Singer na Nicolson waliueleza mwaka 1972 kama kitu cha majimaji, protini zinatembea ndani. Ukigandamana, unavuja. Mwenye alishaweka ndizi katika frigo anajua: chini ya 13°C hivi utando unaharibika, enzimu zinakutana na fenoli zenye zilikuwa zimetengwa nazo, ganda linakuwa nyeusi. Mimea ya kuzoea baridi inaongeza mapindo kwenye mikia.

Nilimwelezea mama. "Sasa siku ile ulinyamazia nini?" Siku hizi anaanika bidoni kwa jua, mawese inayeyuka wateja wakiangalia.