Mtumishi wa Umma Hupimwaje, na Mwananchi Anaingia Wapi?

Kila ifikapo mwisho wa Juni, wakati hesabu za fedha za mwaka zinafungwa, kuna hesabu nyingine inayofungwa pamoja nazo ambayo wananchi wengi hawana habari nayo: hesabu ya utendaji wa watumishi. Mwalimu, muuguzi, afisa ugani na afisa mtendaji wa kijiji, kila mmoja hupewa alama kwa kazi aliyoifanya tangu Julai iliyotangulia. Alama hiyo huzingatiwa anapofikiriwa kupandishwa cheo, na humfuata katika kumbukumbu zake za utumishi. Ni haki basi kwa mwananchi anayehudumiwa kujua alama hiyo hutokana na nini, maana sehemu ya jibu imo mikononi mwake.

Zamani kipimo kilikuwa taarifa ya siri. Mkuu wa kazi alijaza fomu juu ya mtumishi aliye chini yake, akaipeleka panapohusika, na mwenye kuandikwa aghalabu hakujua kilichosemwa. Utaratibu huo ulipitwa na wakati pale Serikali ilipoanza Programu ya Kuboresha Utumishi wa Umma mwaka 2000, ikifuatiwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Mwaka 2004 ukaletwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watumishi waliuzoea kwa jina la OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakakubaliana malengo na kuyatia saini. Walikutana tena katikati ya mwaka kutazama walipofika, na mwezi Juni wakatoa alama kuanzia 1 hadi 5, ambapo 1 ilikuwa ya juu kabisa, kama ilivyo kwa madaraja ya mtihani wa kidato cha nne.

Wazo lilikuwa zuri. Katika utekelezaji, hata hivyo, fomu nyingi zilikaa kabatini mwaka mzima na kutolewa mtumishi alipohitaji kupandishwa cheo. Malengo ya Julai yaliandikwa mwezi Mei, na mapitio ya Desemba yakaandikwa siku hiyo hiyo kwa kalamu ile ile. Waliowahi kufanya kazi ofisini watatabasamu wakisoma mstari huu. Ndiyo sababu katika mwaka wa fedha 2023/2024 OPRAS ilipisha mfumo wa kielektroniki uitwao PEPMIS. Humo kazi hutoka katika mpango wa taasisi, zikashushwa kwa idara, kisha kwa mtumishi mmoja mmoja, naye huzigawa katika kazi ndogo zenye tarehe na kuzitolea taarifa kadiri anavyozitekeleza. Msimamizi huzipitia na kuzipa alama mwaka ukiendelea, badala ya kungoja mwisho wake. Kuandika ya Julai mwezi Mei kumekuwa kugumu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo makala hii inataka kulieleza. Mfumo wowote wa kupima, uwe wa karatasi au wa kompyuta, huona kile tu kilichoandikwa ndani yake. Tuchukue mfano wa afisa ugani ambaye lengo lake limeandikwa hivi: kuwatembelea wakulima 60 katika robo ya mwaka. Akiwatembelea 60, amefanya kazi yake, na mfumo utamhesabia hivyo. Lakini yamkini wakulima wa kitongoji cha mbali walikuwa na shida moja tu, ya viwavi walioingia katika mahindi yakiwa na wiki tatu, na afisa akafika wiki ya nane, akasaini kitabu cha wageni, akaondoka. Ziara ilifanyika, mahindi yaliliwa. Hakuna aliyesema uongo, na alama itakuwa nzuri. Kama lengo lingeandikwa kwamba taarifa ya wadudu waharibifu ishughulikiwe ndani ya siku tatu tangu kupokelewa, mtumishi yule yule, mwenye pikipiki ile ile, angepanga siku zake kwa namna nyingine.

Nani basi huamua lengo liandikweje? Msimamizi na mtumishi, kwa kufuata mpango. Na mpango wa Halmashauri, kwa utaratibu wake, huanzia chini: vipaumbele huibuliwa katika kijiji, hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo hufika wilayani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inayohusu mamlaka za wilaya imeuweka Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa wa kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Katika mikutano hiyo aghalabu tunaomba vitu: darasa, kisima, daraja. Ni mara chache tunaomba namna ya kuhudumiwa, kwa mfano kwamba zahanati iwe imefunguliwa saa fulani siku ya mnada, au kwamba barua ya utambulisho itoke siku ile ile iliyoombwa. Maombi ya aina hii ya pili hayahitaji saruji wala mzabuni, nayo ndiyo hugeuka kwa urahisi kuwa lengo la mtumishi.

Baada ya mpango huja ushahidi. Mwandishi wa makala hii aliwahi kuhudhuria kikao ambamo wanakijiji walilalamikia kituo kimoja cha huduma kwa muda wa saa nzima, kwa uchungu wa kweli. Mama mmoja alieleza alivyotoka kwake alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, akakuta mlango umefungwa na mlinzi hana la kumwambia. Msimamizi wa kituo alipofungua daftari la malalamiko, halikuwa na hata mstari mmoja tangu mwaka uanze. Sanduku la maoni lilikuwa na bahasha tupu. Malalamiko yote yalikuwa yamesemwa chini ya mwembe, na chini ya mwembe yakabaki.

Lalamiko linalofaa kwa tathmini halihitaji maneno makali. Linahitaji tarehe, saa, huduma iliyoombwa, jibu lililotolewa na, ikiwezekana, jina la aliyelitoa. Liandikwe katika daftari la kituo au lipelekwe katika dawati la malalamiko la Halmashauri. Mwenye simu anaweza pia kutumia mfumo wa Serikali wa e-Mrejesho. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na kusomewa kilichoandikwa kabla hajaweka dole gumba. Kipimo cha kulinganishia ni Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ambao hueleza kila huduma itolewe ndani ya muda gani. Pasipobandikwa mkataba huo, ulizeni ulipo. Na pongezi nazo ziandikwe kwa utaratibu huo huo, kwani muuguzi aliyeamka saa nane usiku kumzalisha mwanamke hana njia ya kujisifu mwenyewe kwa msimamizi wake, na si haki jambo lake lipotee kwa kukosa mtu wa kulitaja.

Iko mipaka, nayo isemwe wazi. Dawa zikikosekana kwa kuwa hazijaletwa, mfamasia hawezi kupewa alama ya chini kwa kosa lisilo lake. Lalamiko hilo linamhusu mtu aliye juu yake. Mwenyekiti wa kijiji na diwani hawamo katika mfumo huu kabisa, kwa sababu wao hupimwa kwa kura. Na alama ya mtumishi mmoja mmoja haisomwi mkutanoni. Ni jambo baina yake na mwajiri wake. Linaloweza kuulizwa hadharani ni lengo la kituo na kiasi kilichofikiwa.

Swali hilo lina mahali pake katika mkutano wa robo ya mwaka, baada ya taarifa ya mapato na matumizi kusomwa. Mwananchi anayeliuliza aombe liandikwe katika muhtasari pamoja na jibu lake, na mkutano unaofuata muhtasari ukisomwa, asikilize kama limo.