Michezo ya Video: Picha za Kweli au Picha za Ubunifu?

Mzazi anayeombwa na mwanawe mchezo mpya wa video aghalabu huambiwa sababu moja: picha za huu mpya zinafanana zaidi na maisha. Majani yanatikisika, maji yanameremeta. Sababu hiyo yavutia, lakini je, yatosha kumtoa mtu fedha alizozihangaikia mwezi mzima?

Tutazame yaliyotokea Japani. Mwezi Agosti 2000, kampuni ya Nintendo ilipoutambulisha mtambo wake wa GameCube, ilionyesha picha fupi za shujaa Link akipigana kwa upanga na adui yake Ganondorf. Walikaribia kuonekana watu wa kweli, na wapenzi wa michezo ya Zelda wakafurahi. Mwaka mmoja baadaye walionyeshwa mchezo wenyewe, The Wind Waker, wakapigwa na butwaa. Link alikuwa mtoto wa katuni, mwenye kichwa kikubwa na macho kama sahani. Wengi walinung'unika kwamba huo ni utoto.

Mchezo ulipotoka, Desemba 2002, ilidhihirika kwamba macho yale yalikuwa na kazi. Link huyageuza kukitazama kitu chenye maana kilicho karibu, akamwongoza mchezaji bila kusema neno. Hofu yake na furaha yake husomeka usoni waziwazi.

Mfano wa pili ni Okami, wa mwaka 2006. Watengenezaji wake walianza kwa kutafuta uhalisi, lakini mtambo wa PlayStation 2 ukaelemewa. Ndipo walipogeukia uchoraji wa jadi wa Kijapani, wa brashi na wino. Brashi hiyo ikawa roho ya mchezo: mchezaji akichora duara angani, jua huchomoza.

Haina maana kwamba uhalisi ni kosa. Nintendo yenyewe iliurudia kwa kiasi mwaka 2006 katika Twilight Princess, na michezo ya mpira wa miguu hunufaika nao. Lakini uhalisi hushindana na mtambo wa kesho, na kila mtambo mpya huzifanya picha za jana zionekane kuukuu. Mchoro wenye nia yake hauna mashindano hayo. The Wind Waker ulipotolewa upya mwaka 2013, mwanga na rangi viliboreshwa, lakini Link alibaki mtoto yule yule wa katuni.

Basi, kabla ya kulipia mtambo wa bei kubwa, mzazi na amwulize mwanawe: picha hizo zina kazi gani katika mchezo? Mtoto akiwa na jibu, na asikilizwe.