Mzazi Amefariki Bila Wosia: Pesa Zilizo kwa Simu Yake Utazipataje?

Tuseme mzee amefariki. Simu yake iko mezani, unajua kuna pesa kwa laini, na PIN unaijua kwa sababu ni wewe alikuwa akikutuma kwa wakala. Gharama za mazishi nazo hazingoji. Ni rahisi kusema, "Wacha nitoe tu."

Pole sana kwa msiba, lakini tafadhali usitoe. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu ni faini ya hadi Sh10,000, kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Na hata usiposhtakiwa, siku ndugu zako wakiona taarifa ya akaunti, hapo ndipo vita vya familia huanzia.

Pesa zenyewe haziko ndani ya simu. Salio la wateja huwekwa kwenye akaunti ya amana katika benki. Hata laini ikizimwa, haki ya warithi inabaki.

"Lakini hakuacha karatasi yoyote!" Usijali, fuata hatua hizi:

1. Cheti cha kifo. Kama alifariki nyumbani, anzia kwa naibu wa chifu. Kama ni hospitalini, kifo huripotiwa huko. Cheti hutolewa na ofisi ya usajili wa raia.

2. Barua ya chifu. Inataja warithi wote. Usimwache nje mke wa pili au mtoto aliye mbali, kwa sababu ukificha jambo mahakama inaweza kufuta idhini yako.

3. Mahakama. Omba usimamizi wa mirathi. Kwa kawaida mjane hutangulia, kisha watoto. Ombi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Waislamu wanaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Kama mali ni kidogo, ulizia kwanza ofisi ya Mdhamini wa Umma kabla hujatafuta wakili.

4. Njoo kwetu. Beba idhini hiyo, cheti cha kifo, kitambulisho chako na nambari ya simu ya marehemu.

Na wewe unayesoma, leo jioni mwambie mtu unayemwamini una laini ngapi na akaunti zipi. PIN, hapana. Hiyo ibaki yako.