Nguo za mwaka uliozaliwa: faida iko kwa fundi kuliko kwenye belo

Kijana aliyezaliwa mwaka 2004 siku hizi hatosheki na keki na soda siku yake ya kuzaliwa ikifika. Anataka picha za studio, na humo anataka aonekane kama watu walivyoonekana mwaka aliozaliwa: jinsi ya kiuno cha chini, blauzi fupi, kofia yenye wavu kisogoni, miwani ya vioo vya rangi. Mama yake mdogo aliyezaliwa 1975 naye, akitimiza nusu karne, anawatangazia waalikwa waje na suruali za bugaluu, viatu vya raizoni na nywele za afro. Sherehe moja ya namna hiyo inapeleka ukumbi mzima wa watu sokoni ndani ya wiki moja, kila mmoja akitafuta kitu ambacho hakipo madukani.

Hii sasa ni biashara kamili. Ina wachuuzi wake, wapiga picha wake, wakodishaji na mafundi wake, kuanzia Dar es Salaam na Mwanza hadi Nairobi, Mombasa na Kampala. La kujiuliza ni kwamba fedha anayoitoa mteja inaishia mkononi mwa nani. Nikiufuata mnyororo wote, kuanzia bandarini hadi kabatini, naona tunaitafuta faida pale ilipo nyembamba, na pale iliponona tunapita bila kutazama.

Tuanze na belo. Mitumba hufika bandarini ikiwa imebanwa na kufungwa kwa uzito, mara nyingi kilo 45, na mnunuzi wa jumla huichukua bila kuifungua. Anachokijua ni kile kilichoandikwa juu: suruali za kike, mashati ya kiume, majaketi, gredi ya kwanza au ya pili. Kamba zikikatwa alfajiri pale Karume, Ilala, au Gikomba, Nairobi, wanaosubiri si wateja wa kawaida. Ni vijana wanaolipa zaidi ili wachague kwanza. Gikomba mchujo huo wa mwanzo huitwa kamera, na yale mabaki ya mwisho yanayouzwa kwa bei ya kumalizia ni fagia. Nguo mbili zilizotoka tumbo la belo moja zinaweza kuachana bei mara kadhaa kwa sababu moja ilitoka kwenye kamera na nyingine ilisubiri fagia. Kijana akishachukua kamera yake anaifua, anaipiga pasi, anamvalisha rafiki yake mwenye umbo linalofaa, anapiga picha na kuiweka Instagram. Ikiandikwa tu kwamba ni ya miaka ya 90, bei inapanda tena.

Mtaji wa kijana huyu ni macho. Ukisimama karibu naye wakati anachagua utaona hapotezi muda na rangi wala nakshi. Anaigeuza nguo ndani nje, anaitafuta lebo ya shingoni au ya ubavuni, anaisoma kama karani anavyosoma hati. Lebo iliyoandikwa "Made in West Germany" inamwambia kwamba nguo ilishonwa kabla ya Oktoba 1990, maana baada ya hapo Ujerumani Magharibi haikuwepo tena. "Czechoslovakia" haivuki mwisho wa 1992. Nguo ya Marekani isiyo na maelezo yoyote ya kufulia huenda ni ya kabla ya 1972, mwaka ambao sheria ya huko ilianza kuwalazimisha watengenezaji kushona maelezo hayo ndani ya nguo. Kwenye jinsi ya Levi's anaangalia kile kitambaa chekundu kidogo cha mfuko wa nyuma: herufi E ikiwa kubwa, suruali ni ya 1971 au kabla, na hapo mkono wake hutetemeka, kwa sababu wapo wanunuzi wa Japani na Marekani wanaoisaka suruali hiyo kwa mamia ya dola. Kwenye fulana anaangalia pindo la mkono. Uzi mmoja badala ya miwili ni dalili kwamba fulana haijavuka sana katikati ya miaka ya 1990. Ujuzi huu haufundishwi chuo chochote hapa kwetu. Vijana wameuokota wenyewe, wengine kwa kuibiwa kwanza: waliuza kwa bei ya soda kitu ambacho baadaye walikiona mtandaoni kwa bei ya pikipiki.

Tatizo ni kwamba vitu vya namna hiyo vinafika kwa bahati. Nguo iliyotolewa msaada Ulaya au Marekani haiji Dar es Salaam moja kwa moja. Hupitia kwenye viwanda vya kuchambua vilivyoko hukohuko, au Falme za Kiarabu, au Kandla nchini India, au Karachi nchini Pakistan. Mchambuaji wa huko analipwa ili asiruhusu nguo ya kale yenye thamani iponyoke. Anaitenga na kuiuza kwa kipande, kwa wafanyabiashara wanaojua mteja wake yuko wapi. Mtandao wa Etsy, kwa mfano, hauruhusu kitu kiitwe cha kale mpaka kiwe na umri wa miaka 20 au zaidi, na soko hilo lina uzito kiasi kwamba mwaka 2021 kampuni hiyo iliinunua Depop, programu ya vijana kuuziana nguo zilizovaliwa, kwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Kinachobaki baada ya mchujo huo ndicho kinachofungwa kwenye belo letu. Kwa hiyo hata kamera ya Gikomba ni mchujo wa pili, na mara nyingine wa tatu.

Nguo za miaka ya 2000 bado ziko nyingi, kwa sababu ndizo zinazotoka sasa kwenye makabati ya Wazungu waliokuwa vijana wakati huo. Aliyezaliwa 2004 atavaa kwa gharama ndogo. Aliyezaliwa 1975 atahangaika, na aliyezaliwa 1965 atapata kwa kudra za Mungu. Zaidi ya hapo, mabelo yanayofika miaka hii yamejaa nguo za bei rahisi za mitindo ya haraka, poliyesta nyembamba zinazoishiwa nguvu kwa kufuliwa mara chache. Hizo hazitafika miaka 20. Mchuuzi anayetegemea belo kwa ajili ya biashara hii anajenga juu ya kisima kinachokauka.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi, nalo halihusu wingi wa mali. Mtu aliyezaliwa Tabora mwaka 1975 anauziwa 1975 ya New York. Suruali yenye maua mapajani, shati la kola ndefu kama masikio ya sungura, vyote vilivaliwa kweli, lakini na nani? Tanzania Bara mwaka huo ilikuwa imetoka kwenye Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU iliyotangazwa mwishoni mwa 1968 na kuanza kutekelezwa Januari 1969, ikipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Bugaluu ilikuwapo mjini, lakini ilivaliwa kwa kiburi cha ujana na wazazi waliguna. Wakubwa walivaa suti ya Kaunda. Akina mama walivaa gauni la kitenge na kanga, na vitambaa vingi vilitoka viwanda vya ndani kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mitumba yenyewe haikuwa na mlango. Ilianza kumiminika baada ya biashara kulegezwa kuanzia bajeti ya 1984, na zaidi wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Ukivuka mpaka hadi Lubumbashi, mwanamume wa 1975 alivaa abakosti, koti lisilotaka tai, kwa sababu Rais Mobutu wa Zaire alikuwa ameipiga marufuku suti ya Kizungu, marufuku iliyodumu hadi 1990. Nguo hizo hazitapatikana kwenye belo lolote kutoka Hamburg. Hazikutengenezwa huko, hazikuvaliwa huko.

Zipo wapi basi? Chache zimebaki masandukuni. Nyingi zilivaliwa hadi zikawa matambara, maana enzi za foleni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyekuwa na shati la kuweka kumbukumbu. Kilichobaki kwa wingi ni picha. Capital Art Studio ya Unguja ilianza kupiga watu picha mwaka 1930, na Mombasa studio ya Parekh iliwapiga vijana wa miaka ya 1960 na 1970 wakiwa wamevalia walivyopenda. Kila familia ina albamu ya namna hiyo, kubwa au ndogo, na kila albamu ni daftari la mitindo lenye tarehe nyuma ya picha.

Hapa ndipo fundi cherehani anapoingia, na ndipo ninapoona faida yenyewe. Mchukulie fundi aliyeletewa picha ya baba mzazi wa mteja, amesimama mbele ya pazia la studio. Fundi anaiangalia suruali. Imebana mapajani, inafunguka kuanzia gotini, na chini inakaribia kuufunika unyayo wote. Anajua kwamba kitambaa cha kunyumbulika kinachouzwa sana Kariakoo leo hakitafaa, kwa kuwa upana ule unahitaji kitambaa kizito kinachoanguka chenyewe. Anatafuta tetroni au mchanganyiko ulio karibu nayo. Mkanda wa kiuno ni mpana, mifuko ya mbele imekatwa mlalo, na ingawa picha haionyeshi, anajua pindo la ndani liliachwa kubwa kwa sababu zamani suruali ilitolewa pindo mtoto akirefuka au kaka akimrithisha mdogo wake. Anakata karatasi kwanza, anajaribisha, anapunguza paja, ndipo anagusa kitambaa. Kazi hiyo ni ya siku mbili au tatu za mtu mwenye jicho.

Halafu anatoza bei ya suruali ya sare ya shule. Huko ndiko tunakopoteza. Mteja huyo huyo amemlipa mpiga picha bila kusita, amemlipa mpambaji wa ukumbi, amelipa nauli ya bodaboda mara nne akitafuta raizoni. Yuko tayari kulipia kitu ambacho hakuna mwingine atakuwa nacho. Fundi hakumwambia kwamba hii ni kazi maalumu, na hata karatasi zake za kukatia amezitupa kazi ilipokwisha, wakati zingeweza kumpatia wateja kumi wengine wa mwaka uleule. Fundi anayezitunza, akaziandika mwaka na kipimo, ana mali isiyooza wala kupitwa na mtindo, kwa maana biashara yenyewe inauza kilichokwisha kupitwa.

Kanga nayo inastahili kuangaliwa upya. Ni miongoni mwa mavazi yetu machache yanayoweza kutaja mwaka wake yenyewe. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, inayojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, iko kwenye biashara hii tangu 1887. Katika muda wote huo zimetoka doti za sikukuu za uhuru, za vyama, za ziara za viongozi, na mwaka 2008 zikatoka za kumpongeza Barack Obama. Binti aliyezaliwa 2008 ana kanga ya mwaka wake tayari, kama kuna shangazi aliyeihifadhi. British Museum ya London inakusanya kanga za Afrika Mashariki na kuzionyesha. Sisi doti ya miaka 30 tunaipigia deki. Mfanyabiashara atakayezunguka Tanga, Pangani, Lamu na Unguja akinunua kanga za zamani kwa bei ya haki kutoka kwa wenyewe, kisha akaziandika mwaka na maneno yake, atakuwa na mali ambayo mchambuaji wa Karachi hawezi kuitenga kwanza.

Wapo pia wateja wasiohitaji sherehe. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, inasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, na filamu kama hiyo haiwezi kupigwa kwa nguo za sasa. Kila mtengeneza filamu atakayefuata njia hiyo atatafuta mtu wa kumkodishia mavazi ya enzi, na maduka ya kukodi yaliyopo mijini yamejaa magauni ya harusi.

Kuhusu sera nitasema kidogo. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika serikalini kwao. Nchi zikarudi nyuma isipokuwa Rwanda, ambayo mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Mitumba itaendelea kuja. Mwenye akili anaangalia cha kufanya nayo. Kampala, mbunifu Bobby Kolade kupitia BUZIGAHILL anaikata mitumba, anaiunganisha upya na kuiuza kwa wateja wa huko ilikotoka, kwa bei ya nguo ya ubunifu. Nairobi, ndugu wawili Velma Rossa na Oliver Asike wa 2ManySiblings walionyesha mapema kwamba nguo ya sokoni ikichaguliwa kwa ladha inabeba jina la mchaguzi. Wote hao wanauza jicho na mkono wa Mwafrika, belo ni malighafi tu.

VETA na vyuo vingine vya ushonaji viongeze somo la kunakili nguo kutoka kwenye picha na la kukadiria gharama ya kazi maalumu. Na wewe msomaji unayepanga sherehe ya mwaka wako, kabla ya kwenda Karume, fungua sanduku la mama na albamu ya baba. Chukua picha moja, mpelekee fundi wa mtaani kwako, na umlipe kwa kazi ya siku tatu, kwa sababu ndiyo aliyoifanya.