Lantana, Mti Mzuri Wenye Sumu

Pengine mmeona kando ya njia kichaka chenye maua ya rangi mbili au tatu katika kishada kimoja, ya katikati manjano, ya kando mekundu au ya waridi. Kila ua huchanua likiwa manjano, kisha hugeuka rangi kadiri likaavyo. Kichaka hicho ni lantana. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Watu waliupenda uzuri wake, wakauvusha bahari ili kupamba bustani na kufanya ua wa nyumba. Lakini haukukaa pale ulipopandwa. Ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, na leo umeziba malisho mengi ya Afrika ya Mashariki. Huko Busoga, katika Uganda, mbung'o wameonekana wakikaa katika vichaka vyake.

Usiutambue kwa maua tu. Shika tawi, lakini taratibu: lina pembe nne, nalo lina miiba midogo iliyopinda kama kucha za paka. Majani hukaa mawili mawili, yakielekeana. Yanakwaruza mkono, na kingo zake zina meno. Ukiyafikicha hutoa harufu kali. Matunda ni madogo, yamesongamana, kwanza ya kijani, kisha meusi yenye kung'aa.

Basi angalieni sana hapa. Uko mti wa jamaa yake usio na miiba, ambao majani yake hukaa matatu matatu na matunda yake ni ya zambarau. Hayo wachungaji huyala bila kudhurika, na mtoto asiyejua kupambanua hudhani yote ni mamoja. Mwaka 1964 ziliandikwa Marekani habari za watoto waliokula matunda mabichi ya lantana; mmoja wao alikufa.

Ng'ombe aliyezoea mti huu huuepuka. Aliye mgeni, au mwenye njaa wakati wa kiangazi, huula, na sumu humharibu ini. Huacha kula, macho huwa manjano, na ngozi yake, hasa penye mabaka meupe, huungua kwa jua hata ikachubuka. Mtieni kivulini upesi, kisha mwiteni bwana mifugo.

Kuukata mti huu hakutoshi, maana kisiki huchipuka tena. Sharti ung'olewe pamoja na mizizi, kabla matunda hayajaiva. Wala matawi yasiachwe malishoni, kwa kuwa majani yaliyokauka yana sumu vile vile.