Kompyuta ya gemu isiyo na kelele: faida imo kwenye wati

MTEJA anayeingia dukani Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, akiwa na dola 1,500 na kutaka afungiwe kompyuta ya gemu isiyopiga kelele, ni mteja mwenye fedha na mwenye masikio. Kasi anayoitaka anaijua. Asichokijua ni kwamba kasi na kelele hutoka kwenye chanzo kimoja, na mara nyingi hata muuzaji hakijui. Anauziwa vipuri ghali vyenye maandishi ya kusifu ukimya kwenye boksi, mashine inafungwa, usiku wa kwanza inavuma kama jenereta la jirani, na asubuhi inarudishwa dukani.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Kipuri kilichofunguliwa hakiuziki tena kwa bei ya kipuri kipya, na faida ya rejareja kwenye kadi au prosesa ni nyembamba kiasi kwamba mashine moja iliyorudi yaweza kumeza faida ya mashine kadhaa zilizokwenda. Kwa mwenye duka la mtaji mdogo, kujua jinsi ukimya unavyotengenezwa ni suala la hesabu kabla halijawa suala la ufundi.

Joto ndilo kelele

Sehemu kubwa ya kelele ya kompyuta ni feni, na feni huzunguka kwa sababu ya joto. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto, na joto hilo ni lazima liondolewe. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji wa jumla ni "kinakula wati ngapi?" Swali la feni gani huja baadaye.

Katika hesabu hiyo, kadi ya picha, ile inayochora mandhari ya mchezo kwenye skrini, ndiyo yenye mzigo mkubwa kuliko wote. Nvidia ilipotoa GeForce RTX 4090 Oktoba 2022 kwa dola 1,599, kadi hiyo ilipangiwa wati 450. RTX 5090 ya Januari 2025 ilitangazwa kwa dola 1,999 na wati 575. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000, imefungiwa ndani ya boksi chini ya meza. Atakayeahidi kuinyamazisha kadi hiyo katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, anatafuta ugomvi na mteja wake.

Mfano wenye faida zaidi kuutazama ni wa AMD. Machi 2025 kampuni hiyo ilitoa kadi mbili siku moja: Radeon RX 9070 XT kwa dola 599 na wati 304, na RX 9070 kwa dola 549 na wati 220. Zote zina memori ya gigabaiti 16. Wauzaji walisema mara moja kwamba hakuna sababu ya kununua ya bei ndogo, kwa kuwa dola 50 ni kidogo na kasi inaongezeka. Kwa mteja wa kasi hoja hiyo ni sahihi. Kwa mteja wa ukimya imegeuzwa juu chini: anaombwa alipe dola 50 zaidi ili anunue wati 84 za joto ambazo baadaye atalipia tena feni za kuziondoa. RTX 5070 ya Nvidia, nayo ya Machi 2025, ilitangazwa kwa dola hizo hizo 549, lakini kwa wati 250 na gigabaiti 12.

Kwa prosesa mambo ni mepesi zaidi. Core i9-14900K ya Intel, iliyotoka Oktoba 2023 kwa dola 589, inaruhusiwa kupanda hadi wati 253. Ryzen 7 7800X3D ya AMD, iliyotoka Aprili mwaka huo kwa dola 449, imepangiwa 120 na kwenye michezo hula pungufu ya hapo, huku ikishindana nayo vizuri. Kwa bajeti ya dola 1,500, Ryzen 5 7600 ya wati 65, iliyotangazwa Januari 2023 kwa dola 229, inatosha. Wanaonunua prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilizokwishatumika wakumbuke kwamba mwaka 2024 kampuni yenyewe ilikiri tatizo la volti lililokuwa likiziharibu baadhi yake, ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Bei nafuu ya mitumba ya aina hiyo ina maelezo yake.

Hesabu ya feni

Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hewa inayosukuma hupungua kwa takriban nusu. Kelele yake lakini hushuka kwa karibu desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu kushuka kwa desibeli 10 kuwa ni kama sauti imepungua nusu. Kwa upande mwingine, kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza huongeza desibeli 3 tu. Mfanyabiashara aweza kuziweka tarakimu hizo pamoja mwenyewe: feni mbili za mwendo wa nusu hutoa hewa inayokaribiana na ya feni moja ya mwendo kamili, kwa kelele iliyopungua desibeli zipatazo 12.

Ndiyo maana boksi lenye nafasi ya feni tatu pana za milimita 140 zinazokwenda polepole hulishinda boksi lenye feni moja ghali inayokimbia. Wala haifai kulinganisha desibeli zilizoandikwa kwenye boksi la kampuni moja na za kampuni nyingine, maana kila mmoja hupima kwa umbali na kwa mwendo anaoupenda. Tarakimu hizo ni za tangazo.

Kwenye kipoozeo cha prosesa ndiko fedha nyingi hupotea bila sababu. Noctua ya Austria ina jina kubwa kwa wapenda ukimya, na jina hilo imelichuma kwa haki. Kipoozeo chake cha NH-D15 G2 kilitangazwa mwaka 2024 kwa dola 149.90. Lakini Peerless Assassin 120 SE cha Thermalright, ambacho kimekuwa kikiuzwa Marekani kwa chini ya dola 40, kinaipoza prosesa ya wati 65 bila kutoa jasho. Tofauti ya dola 110 katika mashine ya dola 1,500 ni karibu asilimia saba na nusu ya bajeti yote. Mwenye duka akiitumia tofauti hiyo kununua boksi zuri na feni za ziada, mteja ataisikia. Akiiacha kwenye kipoozeo, ataiona kwenye risiti tu. Jambo la kuangalia kwa rula ni urefu: NH-D15 ya kwanza inasimama milimita 165, Peerless Assassin SE milimita 155, na yako maboksi mengi ya bei ndogo ambayo kifuniko chake hakifungi juu ya kitu kirefu hivyo.

Vipoozeo vya maji vinapendeza dirishani na huuzika kwa macho. Kwa ukimya, hata hivyo, vinaongeza pampu inayolia muda wote, hata kompyuta ikiwa imetulia, na mashine ya wati zilizotajwa hapa haivihitaji.

Hewa ya pwani si hewa ya Ulaya

Majaribio mengi ya vipuri husomwa kutoka Ulaya na Marekani, ambako chumba cha kupimia huwa na nyuzi joto ishirini na kidogo. Kipoozeo hakishushi joto chini ya lile la chumba. Huliondoa joto lililozidi hapo. Chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 22, chipu nayo hupanda kwa takriban nyuzi kumi kwa mwendo ule ule wa feni, na mashine iliyosifiwa huko kuwa ni kimya, Mombasa au Tanga itaanza kuvuma. Muuzaji wa pwani anapaswa kukata wati zaidi kuliko mwenzake wa Arusha au Nairobi kwa mteja yule yule.

Hoja hiyo inaamua pia aina ya boksi. Zamani boksi la ukimya lilikuwa lile lililozibwa mbele na kutandikwa sponji ndani. Sponji huzuia sauti, lakini mlango uliozibwa huzuia hewa, feni zikalazimika kukimbia. Kwa hali ya hewa ya huku, uso wa wavu ndio unaofaa, wenye kichujio kinachochomoka na kuoshwa kwa maji. Vumbi likishajaa kwenye mapezi ya kipoozeo, mashine iliyouzwa kimya mwezi wa Januari itakuwa inalalamika mwezi wa Julai, na mteja atasema ameuziwa feni mbovu. Wako mafundi wanaouza usafishaji wa kila miezi sita pamoja na mashine. Ni fedha ndogo, lakini haihitaji mzigo stoo.

Pawa saplai inunuliwe yenye nafasi. Mashine inayokula wati 350 ikipewa pawa saplai ya wati 650 au 750, feni ya ndani itakwenda taratibu, na kwa aina nyingi nzuri itasimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Ile nembo ya 80 PLUS, iwe ya dhahabu au ya shaba, hupima umeme unaopotea. Haisemi lolote juu ya kelele, ingawa huuzwa kana kwamba inasema. Cybenetics ndio wanaopima kelele ya pawa saplai na kuipa daraja lake peke yake. Diski ni SSD tu. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde, na mvumo wake hupitia kwenye bati la boksi hadi kwenye meza.

Liko tatizo moja ambalo hesabu haiwezi kulitabiri: mlio mwembamba wa koili za kadi ya picha pale mchezo unapopamba moto. Kadi mbili za kiwanda kimoja, zenye jina moja, moja yaweza kulia na nyingine isilie. Wauzaji wengi wa jumla hawauhesabu mlio huo kuwa ni ubovu wa kudai dhamana. Dawa ni kuijaribu kadi dukani, mchezo ukiendeshwa saa nzima, kifuniko kikiwa kimefungwa na redio imezimwa, kabla mteja hajalipa salio.

Baada ya hapo inabaki kazi isiyohitaji kipuri chochote. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi iliyoachiwa kuchora picha 200 inachoma umeme kwa ajili ya picha ambazo mteja hataziona zote. Kuweka kikomo cha picha kwenye programu ya kadi ni dakika mbili. Kupunguza umeme wa kadi kwa asilimia 20 hugharimu kasi kidogo sana na hushusha joto kwa kiasi kinachosikika. Duka linalomkabidhi mteja mashine iliyokwishapangwa hivyo linauza ujuzi, na ujuzi haushuki bei njiani kutoka Dubai.

Kumbukumbu na mtaji uliokwama

Vipuri vyenyewe hushuka na kupanda kama nyanya. Mwaka 2021 kadi za picha ziliadimika kutokana na wachimbaji wa sarafu za mtandaoni, na waliozijaza stoo kwa bei ya kilele walijuta Septemba 2022, mtandao wa Ethereum ulipoacha kuchimbwa kwa kadi na mitumba ya wachimbaji ikamwagika sokoni. Mitumba hiyo ingali inazunguka. Feni zake zimekwenda usiku na mchana kwa miaka, na beringi zake hukwaruza. Si mali ya mteja wa ukimya.

Mwishoni mwa mwaka 2025 zamu ilikuwa ya memori. Mahitaji ya vituo vya akili mnemba yalivuta uzalishaji wa Samsung, SK Hynix na Micron, kampuni tatu zinazolishika soko hilo, na Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuacha kuuza memori za Crucial kwa wateja wa kawaida ifikapo mwisho wa Februari 2026. Gigabaiti 32 za DDR5 zilizokuwa zikipatikana kwa takriban dola 100 katikati ya mwaka zilipanda zaidi ya mara mbili kabla mwaka haujaisha.

Memori haina kelele, ila katika bajeti ya dola 1,500 nyongeza hiyo ni lazima itoke mahali. Maduka mengi huikata kwenye boksi na feni, vitu ambavyo mteja hakuviulizia kwa majina. Ndivyo mashine inavyorudi. Pa kukata ni kwenye kadi: Radeon RX 9060 XT ya gigabaiti 16 ilitoka Juni 2025 kwa dola 349 na wati 160. Kwa bei hizo za kutangazwa, anayeshuka kwake kutoka RX 9070 anaokoa dola 200, na wati 60 juu yake.